Lawama ya Utasa

Katika Moiben, nchi ya mahindi na ngano karibu na mji wa Eldoret, mkulima mwerevu asiyepata mavuno hupima udongo wake kabla ya kulaumu. Nyumbani hapimi. Mwaka wa pili wa ndoa ukipita bila mtoto, mke huitwa tasa, na mume hukaa barazani akionewa huruma. Wanandi wa zamani walimzidi kwa utu: mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume aliruhusiwa kuoa mwanamke mwenzake, akapata mrithi na heshima.

Wengi waitwao tasa si tasa. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walieleza ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Jina hilo lapotosha, maana vionekanavyo kama vifuko ni vitundu vya mayai machanga yaliyoshindwa kukomaa. Insulini haitendi kazi barabara, homoni za kiume huzidi, yai halitoki kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 ya kuwa wanawake 8 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Nao wasiojua ndio wanaouziwa mizizi. Wengine huambiwa tumaini liko Nairobi tu, kwenye mimba ya maabara, ambayo ilizaa watoto wake wa kwanza nchini Kenya mwaka 2006. Basi ng'ombe huuzwa, na pengine shamba. Sidharau elimu hiyo, ina mahali pake. Nadharau haraka ya kuruka kidonge na kukimbilia maabara. Mwaka 2014 yalichapishwa majaribio ya Marekani kwa wanawake 750 wenye ugonjwa huu. Katika kila 100 waliopewa letrozoli, dawa ya kumeza kwa siku tano za mwezi, kama 28 walijifungua. Waliopewa klomifeni, dawa ya zamani, walikuwa 19. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 umeitanguliza letrozoli. Hutolewa na daktari, si na muuza duka. Na kwa mwanamke mnene, kupunguza uzito japo kidogo huweza kurudisha siku zake.

Nitaambiwa kwamba maneno haya hayafai kusomwa na wanafunzi. Yasomwe na nani, basi? Msichana aliyetimiza miaka mitatu tangu kuvunja ungo, na bado siku zake huja pungufu ya mara nane kwa mwaka, huku ndevu zikimwota kidevuni, yumo darasani sasa hivi, na hucheka wenzake wanapomcheka. Akimwona daktari leo hatangoja ndoa imfunze ugonjwa wake kwa matusi.

Na mume je? Mbegu zake hupimwa kwa kikombe kidogo, kabla mke hajamezeshwa chochote. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko Eldoret, na matatu iendayo huko ina viti viwili kwa watu wawili.