Mgonjwa wa Figo, Iache Tumbaku

Ndugu zangu wa Chala, nanyi wa Namanyere na Sumbawanga mjini, leo nina neno na wavuta tumbaku walioambiwa hospitalini kwamba wana ugonjwa sugu wa figo. Wengi hutoka kwa daktari wamekata tamaa, wakawasha sigara na kusema, "Figo zimekwisha kuharibika, sigara itaniongezea nini?"

Itakuongezea mengi. Madaktari huugawa ugonjwa huu katika hatua 5, na hatua ya 5 ndiyo ya figo kushindwa kazi. Aliyeambiwa yuko hatua ya 3 bado ana nguvu ya figo anayoweza kuishi nayo miaka mingi akiitunza. Mkulima wa Ufipa aliyebakiwa na debe moja la mbegu haliachii panya kwa sababu ghala limepungua. Hapo ndipo anapolificha.

Kila figo huwa na vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja, na damu huvifikia kwa mishipa myembamba sana. Nikotini huibana mishipa hiyo na kupandisha presha. Sumu za moshi huziumiza kuta zake. Kichujio kilichokufa hakioti tena. Tena liko jambo ambalo wengi hawaambiwi: wagonjwa wengi wa figo huuawa na moyo au kiharusi kabla figo zenyewe hazijashindwa, na tumbaku huwaita maadui hao wote wawili. Mzee anayejifariji kwa ugoro kwa kuwa hauna moshi ajue kwamba nikotini ni ile ile.

Naijua baridi yetu ya Juni na Julai, najua pia sigara inavyopita mkono kwa mkono kilabuni. Sisemi kuacha ni kazi nyepesi. Lakini pimeni na upande wa pili. Figo zikishindwa, damu husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kila wiki, saa 4 hivi kila mara, na mtu wa Chala huenda akalazimika kuhama shamba lake akaishi karibu na mashine hiyo. Kupandikizwa figo kumewezekana nchini tangu Novemba 2017, Muhimbili walipofanya upasuaji wa kwanza. Figo hiyo lakini hutolewa na ndugu aliye hai. Utamwombaje mdogo wako akatwe ubavu, nawe sigara iko mkononi?

Basi mwenye duka anayekukopesha sigara mojamoja, mwambie leo alifunge daftari lako. Nanyi mke, watoto na mashemeji, msimpelekee mgonjwa tumbaku kwa kumhurumia. Wiki ya kwanza atakuwa na hasira, usingizi utampaa, pengine atawatukana. Mvumilieni, mkae naye jioni ile anayozoea kwenda kilabuni, na siku ya kliniki mmoja wenu amsindikize, amweleze tabibu kwa kweli ni sigara ngapi alizokuwa akivuta.