Kansa ndogo, hofu kubwa



Leo nina jambo linalonihusu. Mwaka jana niliondolewa nusu ya tezi ya shingo, ndani yake ikakutwa kansa ya aina ya papilari, milimita saba. Haifiki hata punje ya hindi. Kidonda kilipona upesi, hofu ndiyo inayosumbua. Nikikohoa kwa vumbi hili la Dodoma, mkono unakwenda shingoni wenyewe. Siku ya kipimo ikikaribia, usingizi hauji.

Watu wananiambia "usiwaze". Hata daktari mmoja aliniambia hivyo huku akimwita mgonjwa anayefuata. Ndugu zangu, neno hilo halimsaidii mtu.

Nimejiuliza hofu hii inatoka wapi. Naona inatokana na kansa tunazoziona. Hapa kwetu ukitaja kansa, mtu anawaza Ocean Road, na wengi wanaofika pale huwa wamechelewa. Hao ndio tunaowachangia na kuwazika. Shangazi yangu wa Kondoa aliposikia habari zangu alilia kama nimeshakufa. Simlaumu, maana mgonjwa pekee wa kansa aliyewahi kumjua alizikwa. Mwenye kansa ndogo anatibiwa, anafunga kola yake, anarudi kazini kimya. Nani atamjua?

Kilichonituliza ni namba. Tangu mwaka 1993, Hospitali ya Kuma kule Kobe, Japani, imekuwa ikiwafuatilia watu wenye kansa hizi zisizozidi sentimita moja bila kuwapasua kwanza. Mwaka 2014 walitoa taarifa ya wagonjwa 1,235: katika miaka 10, uvimbe uliongezeka kwa milimita tatu au zaidi kwa watu wanane hivi katika kila 100. Hakuna aliyekufa kwa kansa hiyo. Mimi yangu imeshatolewa!

Je, tupuuze? Hapana. Kansa nyingine za tezi hiyo ni kali, na uvimbe wowote shingoni upimwe. Hata yangu inaweza kurudi, ndiyo maana nina kliniki. Ninachosema ni kwamba hofu ilingane na ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo ukiambiwa una kansa, usitoke chumba cha daktari bila majibu: ni aina gani, ni milimita ngapi, imefika kwenye tezi nyingine za shingo au la, kipimo kijacho ni lini. Uliza pia kuhusu homoni. Nusu ya tezi iliyobaki mara nyingi inatosha, lakini si kwa kila mtu. Zikipungua unachoka, unahisi baridi, unasononeka, nawe unadhani kansa imerudi. Kipimo cha damu kitaonyesha, na vidonge vipo.

Mimi nina daftari. Nikishtukia kitu nakiandika pamoja na tarehe. Kikipotea, nakifuta. Kikikaa wiki mbili, naenda hospitali bila kusubiri kliniki. Hofu haijaisha, ila sasa siishi nayo kutwa nzima.

Nyie mliotibiwa mkarudi kazini, mnajificha kwa nini? Kuna kijana Area C au Chang'ombe amepewa majibu leo na hamjui hata mtu mmoja aliyepona. Mwambieni mpo.