Unakesha na NBA, vipusa wetu wanachezea viti vitupu

Hebu tuambiane ukweli. Wewe ni shabiki wa mpira wa vikapu ama ni shabiki wa jezi tu? Unakesha hadi saa kumi alfajiri ukitazama NBA, lakini ukiulizwa utaje wachezaji watano wa Ligi Kuu ya wanawake hapa Kenya, unaanza kukuna kichwa.

Na ligi yenyewe ni moto. KPA ya Mombasa na Equity Bank ya Nairobi zikikutana, hakuna anayepewa kitu bure. Mwaka 2021, Lionesses waliinyuka Misri 99-83 kwenye fainali jijini Kigali, wakafuzu kwa AfroBasket kule Yaoundé. Ulijua?

Sasa angalia majina ya timu: bandari, benki, vyuo vikuu kama Zetech na Strathmore. Maana yake, mchezaji anategemea bajeti ya mwajiri ama masomo yake. Akihitimu akose timu ya kumwajiri, kipaji kinarudi nyumbani naye. Kampuni ikibana matumizi, ndiyo basi.

Dawa ni wadhamini zaidi, na mdhamini hufuata watu. Nani ataweka pesa zake mbele ya viti vitupu? Kwa hivyo usiilaumu serikali pekee ilhali nauli ya kufika ukumbi wa Nyayo ama Makande hujawahi kuitoa.

Wikendi moja tu kwa mwezi, beba mabeste wako mwende mkapige kelele. Piga video, weka TikTok, taja jina la aliyefunga. Curry hatakosa usingizi ukimkosa usiku mmoja.