Kinachouzwa ni Majibu
Kozi za mtandaoni zimefika Handeni na Korogwe kwa njia ya WhatsApp, na nyingi si kozi, ni faili tu. Unalipa kwa simu, unatumiwa kurasa kadhaa za ufugaji wa kuku zilizonakiliwa kusikojulikana, kisha mwalimu anaingia mitini. Jioni hiyohiyo faili limeshazunguka kwa wanakikoba wenzako wote, bure. Muuzaji akilalamika kuibiwa, simwonei huruma sana: aliuza karatasi, na karatasi hunakilika. Majibu hayanakiliki. Mkulima wa mahindi wa Mkata, Handeni, aliyeona majani yametoboka, na uchafu kama unga wa mbao umejaa kwenye moyo wa mmea, anataka apige picha, aitume, aambiwe leo kama ni viwavijeshi na afanye nini kabla hawajazama ndani ambako dawa haiwafikii. Hilo watu watalilipia. Wala si jambo geni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa njia ya posta, na mwanafunzi alirudishiwa kazi yake ikiwa imesahihishwa. Tena video ndefu hula bando. Sauti ya dakika tatu inatosha (wanaojirekodi mbele ya magari ya kuazima watanisamehe). Korogwe ina chuo cha ualimu na mashamba ya mkonge, Handeni ina wafugaji wa nyuki na ng'ombe: ujuzi wa kujibu upo. Ndugu yangu unayetaka kuuza kozi, andika kwanza siku na saa utakazojibu maswali, na jinsi mtu atakavyorudishiwa fedha zake, ndipo utaje bei.