Kamba hawa wametiwa nini?

Macho ya mnunuzi wa Nairobi yamezoea kudanganywa. Pale City Market, barabara ya Muindi Mbingu, na kwenye friji za maduka ya Westlands, Lavington na Karen, kamba mwenye kichwa cheusi hanunuliki. Anayeng'aa ndiye anayelipiwa, ijapokuwa amesafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Malindi.

Weusi wenyewe haudhuru. Kamba akifa, vimeng'enya vya kichwani hukutana na hewa na rangi hugeuka, sawa na parachichi lililokatwa likaachwa mezani. Kwingi duniani weusi huo huzuiwa kwa poda ya sodiamu metabisalfaiti, aina ya salfaiti. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu miligramu 100 za salfaiti kwa kilo ya kamba mbichi, na 30 kwa waliopikwa. Hatuna ugomvi na kipimo hicho. Tunachohofia ni mkono unaochota poda bila mizani, na kamba aliyeanza kuoza akiuzwa kwa sura ya aliyevuliwa jana, maana poda hulinda rangi kuliko inavyozuia bakteria. Mgonjwa wa pumu anaweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo tu cha salfaiti, na kupika hakuiondoi yote.

Tulishaonywa. Julai 2019, runinga ya NTV ilipofichua jinsi kemikali hiyo hiyo inavyotumiwa kwenye nyama ya supamaketi, maafisa wa afya waliingia madukani na baadhi ya bucha zikafungwa. Mjadala ukaishia kwenye nyama nyekundu.

Njia nyingine zipo. Kamba aking'olewa kichwa mara anapovuliwa, sehemu kubwa ya vimeng'enya huondoka nacho. Asidi ya limau hupunguza kasi ya weusi. Ipo pia kitosani, itokanayo na maganda ya kamba (yale yale tunayotupa jaani!). Ila hakuna hata moja inayofidia barafu iliyokosekana mashuani. Anayetaka kamba safi Nairobi aanze kuuliza habari za barafu huko pwani, Kipini na Ngomeni.

Kaunti ya Nairobi na shirika la viwango la Kenya, KEBS, zichukue sampuli sokoni, madukani na jikoni mwa mahoteli, na matokeo yatangazwe kwa majina. Vibanzi vya kupimia salfaiti hutoa jibu la awali kwa dakika chache. Na kwa kuwa Codex inataka salfaiti itajwe kwenye lebo ikifika miligramu 10 kwa kilo, muuzaji aiandike pale pale anapoandika bei.