Hiyo Kelele ya Tela Si ya Kuzoea

Mwezi uliopita niliweka video ya tela ya tatamoke ikiimba. Kwa wale si Wakisii, tatamoke ni baba mdogo. Yeye hubeba ndizi kwa pikapu na tela ndogo, kutoka kwetu upande wa Nyamira, anapitia Keroka na Keumbu mpaka soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Kila akipita tuta, tela inafanya kra-ka-ka, kra-ka-ka. Mimi nikarekodi, nikaweka ngoma chini yake, watu wakacheka, wakashea. Ilikuwa video yangu bora mwezi huo.

Halafu siku moja nikairudia polepole nikitafuta mahali pa kukata klipu nyingine. Hapo kicheko kiliisha. Pini iliyoshikilia tela haikuwa pini. Ilikuwa kipande cha nondo, kimefungwa na waya, na kila breki ikiguswa kilikuwa kinaruka kama bisi kwenye sufuria. Juu ya hizo ndizi alikuwa amekaa binamu yangu wa miaka 17.

Kwa hivyo leo sina utani. Maoni yangu ni haya: sisi watu wa milimani tumezoea kelele ya tela mpaka tumesahau kwamba ni chuma kinapigana na chuma. Na mtu akichoka nayo, anatafuta dawa ya kelele badala ya dawa ya ulegevu. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Nilipomwonyesha tatamoke ile video, aliniambia, "Wewe kijana, tela gani haipigi kelele?" Na kusema ukweli, ana pointi. Nyuma ya pikapu kuna bomba la mraba, wauza spea wanaliita risiva. Mkono wa chuma wenye boli la kuvutia tela unaingia humo ndani, kisha pini inapita katikati kuushikilia. Mkono lazima uwe mdogo kidogo kuliko bomba, la sivyo hautaingia. Kwa hivyo hata mpya inaweza kugonga kidogo, hasa tela ikiwa tupu. Lakini kama kelele ya leo imezidi ya Krismasi iliyopita, kuna chuma kimelika mahali. Tela haiongezi sauti kwa sababu ya furaha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniletee hesabu za injinia. Lakini hii haitaki digrii. Chukua nyundo, iweke juu ya msumari, ubonyeze kwa nguvu zako zote. Msumari hauingii. Sasa inua nyundo kidogo tu, upige. Unaingia. Tofauti ni ile nafasi uliyoipa nyundo. Sasa tela yenye ndizi ni nyundo ya kilo mia kadhaa. Ukifunga breki, gari linapunguza mwendo kwanza, tela inakuja na kugonga. Ukikanyaga mafuta, inavutwa nyuma na kugonga tena. Kadiri nafasi inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyogonga kwa nguvu, na kila kishindo kinaongeza nafasi. Shimo lililokuwa duara linakuwa kama yai.

Nondo ndiyo ilimaliza ya tatamoke. Risiva ya inchi 2 huwa na shimo la pini ya kama milimita 16. Yeye aliweka nondo ya 12. Hesabu mwenyewe: milimita 4 za kucheza, hata kabla ya kuanza safari. Na nondo imetengenezwa ilale ndani ya simiti. Kazi ya kuvuta na kusukumwa siku nzima kwenye mteremko si yake.

Sasa zile dawa za mtaani. Ya kwanza ni kujaza mpira wa tyubu. Tatamoke aliijaribu, kukawa kimya wiki moja, kisha mpira ukatafunwa. Shida ni kwamba ile wiki moja ya kimya, shimo lilikuwa bado linapanuka na hakuna aliyelisikia. Ya pili ni grisi. Paka grisi kwenye boli, ni sawa kabisa, inapunguza kusuguana. Lakini grisi haijazi shimo. Ya tatu ndiyo naikataa kabisa: kumwambia fundi achomelee mkono kwenye risiva moja kwa moja. Kelele inaisha, ndiyo. Lakini moto wa kuchomelea unaweza kudhoofisha chuma pale kando, na siku kikianza kupasuka kwa ndani hutaweza kuchomoa mkono uangalie.

Tulifanya nini sisi? Tulisimamisha gari mahali tambarare, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukashusha mzigo wote. Kisha tukashika na kutikisa sehemu moja moja, kwa sababu kelele inaweza kutoka mahali patatu: mkono ndani ya risiva, pini kwenye shimo lake, au boli ndani ya kofia ya tela.

Nondo ilitupwa. Tukanunua pini ya saizi yake, pamoja na kile kibanio cha kuizuia isichomoke. Mashimo ya mkono yalikuwa yamelika, kwa hivyo tukatafuta mkono mwingine. Halafu fundi wa jua kali akatutengenezea sahani nene ya chuma na bolti ya kukunjwa kama herufi U, ndugu ya zile za kushika springi. Ile U inakumbatia mkono, sahani inakaa chini, nusu kwenye risiva na nusu kwenye mkono. Ukikaza nati, mkono unabanwa kwenye ukuta wa risiva na nafasi inaisha. Baada ya safari ya kwanza unakaza tena, kwa sababu nati hulegea. Na usijidanganye: hiyo U inabana tu. Anayebeba tela bado ni pini.

Kwa boli ndipo tuligundua kitu cha kuogopesha zaidi. Maboli hayalingani. Kuna la milimita 50, kuna la inchi 2, na kuna la inchi 1 na 7/8, ambalo ni kama milimita 48 hivi. Kwa macho yote ni sawa. Lakini boli dogo ndani ya kofia kubwa linaweza kuchomoka tela ikiruka kwenye tuta. Saizi huwa imepigwa chapa kwenye chuma. Futa grisi, usome.

Mwisho tukaweka minyororo miwili ya usalama, tukaipisha kama X chini ya shingo ya tela, ili ikichomoka idondokee kwenye minyororo na si kwenye lami.

Yote, bila ule mkono, ilitugharimu kitu kama bei ya kujaza mafuta safari moja. Najua kuna mtu atasema pesa hakuna. Lakini wewe unajua barabara zetu. Unateremka kuingia Kisii, kushoto kuna mama na kreti za nyanya, kulia kuna watoto wa shule, mbele kuna boda tatu. Ukienda South Mugirango, kuna trekta zinavuta miwa kuelekea Awendo, na watu wanatembea kando yake bila wasiwasi. Tela ikiachana na gari hapo, haichagui. Yule mama hakuambiwa kwamba uliokoa pesa ya pini.

Tatamoke bado ananilaumu ati safari imekuwa kimya sana, anasinzia. Binamu yangu sasa anakaa ndani ya gari, hata kama wanabanana. Ile video ya kwanza sijaifuta, lakini nimeweka ile ya polepole juu yake muanze na hiyo.

Kama nyumbani kwenu kuna tela, kabla haijapakiwa kesho asubuhi, enda uitikise kwa mkono. Ukipata nondo, usicheke kama mimi.