Hesabu Kwanza, Sifa Baadaye

Filamu ya “Hatari!” ya mwaka 1962 ilimleta Momela mwigizaji wa Kijerumani, Hardy Krüger. Aliipenda mandhari, akaifanya biashara ya hoteli. Wenyeji walikuwa wakiiona kila siku.

Twasema: mwananchi atafutaye mtaji wa kambi ya wageni asijaze mpango wake sifa za Mlima Meru na heroe. Hizo mwenye fedha ataziona mwenyewe. Aeleze maji safi yatatoka wapi, maana maziwa ya Momela yana magadi; masika, wageni wakipungua, mishahara italipwaje; na ardhi ni ya nani kwa hati. Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951. Thamani ya ardhi waijua. Basi na iandikwe kuwa hisa yao, isiuzwe. Asiyeandika hesabu yake ataandikwa katika hesabu ya mwenziwe, kwa jina la kibarua.